Kufunga AC kwenye Peugeot 504 bila kuichemsha

SWALI: Shikamoo mzee. Nina Peugeot 504 GL ya mwaka 1978, ya petroli, niliyoachiwa na marehemu baba. Injini ni ileile ya kiwandani na gari linatembea vizuri. Tatizo ni joto la Tanga. Mama watoto keshasema hapandi tena mchana. Fundi mmoja anataka kunifungia kompresa na kondensa vya Corolla, anasema ni kazi ya siku mbili. Mwingine anasema nikifunga AC gari litachemsha na hedi itapinda, niachane nayo. Nimsikilize nani? Na je, nitakuwa nimeliharibu gari la mzee?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mungu amrehemu mzee wako, na hongera kwa kulitunza gari lake mpaka leo.

Mafundi wako wote wawili wamesema kweli, kila mmoja nusu yake. AC kwenye 504 inafungika na inapooza vizuri, hata kwa jua la Februari. Lakini ikifungwa kwa siku mbili kama anavyokuahidi wa kwanza, yatakayokupata ni yale aliyoyasema wa pili. Kinachotofautisha matokeo hayo mawili ni kazi inayofanyika kabla kompresa haijafika gereji, na hiyo ndiyo kazi watu wanayoiruka.

AC inachota joto lililomo ndani ya gari na kwenda kulimwaga nje. Ni kama kukausha sakafu kwa tambara: usipopata mahali pa kulikamua, utabaki unayasambaza maji yaleyale. Tambara ni gesi, na mahali pa kukamulia ni kondensa, ile inayokaa mbele ya rejeta. Hapo ndipo penye ugomvi. AC ya gari la ukubwa huu inaweza kutoa ndani joto la kilowati 4 hadi 5, na kompresa yenyewe inaongeza kama 2 kwa kazi ya kuikandamiza gesi. Yote hayo yanamwagwa kwenye hewa ileile inayokwenda kupooza injini. Ukiwa kwenye foleni, hewa inayofika kwenye rejeta inaweza kuwa imeshapanda nyuzi 10 na zaidi. Rejeta ambayo jana ilikuwa inatosha kwa taabu, leo haitoshi.

Kwenye gari lako jambo hili ni zito kuliko kwenye magari mengine. Injini yako, kama ni ileile ya kiwandani, ni XN1 ya sentimita za ujazo 1,971. Bloku yake ni ya chuma, hedi, yaani kifuniko cha juu cha silinda, ni ya alumini, na silinda ni laina, yaani mirija ya kuchomekwa, zinazozungukwa na maji moja kwa moja. Ni injini ngumu mno. Peugeot 504 ilishinda Safari Rally mwaka 1975 ikiendeshwa na Ove Andersson, na ndugu yake mwenye injini ya V6 akashinda tena 1978 kwa mikono ya Jean-Pierre Nicolas. Pamoja na ugumu huo, kitu kimoja haikisamehe: kuchemka. Alumini ikipata moto kupita kiasi inapinda, gasketi inapasuka, na laina zinaanza kuvujisha maji kuelekea kwenye oili. Kwa hiyo fundi wa pili hakukutisha bure.

Basi tuanze na mfumo wa maji. Mwambie fundi ashushe rejeta, aifungue na kuisafisha kwa ndani, si kuipulizia maji tu kwa nje. Rejeta yenye umri wa gari lako karibu hakika imeziba baadhi ya mirija, hasa kama kwa miaka imejazwa maji ya kisima cha pwani yenye chumvi. Kama mirija mingi imekufa, ibadilishiwe kiini chake na kiwekwe chenye safu nyingi zaidi za mirija, ila matangi ya juu na ya chini yabaki yaleyale ili iingie mahali pake bila kukata kitu. Badilisha hosi zote na kifuniko cha rejeta. Jaza kulanti halisi iliyochanganywa na maji safi yaliyochujwa chumvi. Ile rangi ya kijani si pambo. Dawa iliyomo ndiyo inayozuia alumini na chuma kulana wakiwa kwenye maji mamoja.

Halafu angalia kama thamostati ipo, ile valvu inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto. Nauliza hivyo kwa sababu gari likianza kuchemsha, mafundi wetu wengi hukimbilia kuing'oa thamostati na kuitupa. Gari linapoa kweli kwa muda, mwenye gari anashukuru, na ugonjwa wenyewe, ambao mara nyingi ni rejeta iliyoziba, unaendelea kukua kimyakimya huku injini ikila mafuta kwa kuwa haifikii joto lake la kazi. Ukiweka AC juu ya ugonjwa uliofichwa namna hiyo, utajitokeza siku ya kwanza. Rudisha thamostati ya joto alilopanga mtengenezaji. Gari likichemsha baada ya kuirudisha, umeokoa pesa: umeujua ugonjwa kabla hujanunua kompresa.

Kuna kifaa kingine ambacho vijana wengi wa gereji za sasa hawajakutana nacho. Feni ya 504 nyingi haizunguki muda wote. Imefungwa mbele ya pampu ya maji na inashikwa na sumaku ya umeme: maji yakipata moto wa kutosha, swichi iliyo kwenye rejeta inapeleka umeme kupitia kipande kidogo cha kaboni, sumaku inavuta, na feni inaanza kuzunguka na injini. Kaboni hiyo huisha. Waya wake nao hukatika kwa uzee. Gari likiwa mwendoni hutajua, kwa sababu upepo wa barabarani unatosha. Utajua ukisimama Chalinze nyuma ya malori. Badilisha kaboni hiyo, safisha mahali inapogusa, na pima nafasi iliyopo kati ya sumaku na feni. Baadaye, AC ikishafungwa, waya wa feni hiyo uunganishwe kupitia rilei, yaani swichi inayoendeshwa kwa umeme, ili kila AC inapowashwa feni ishike papo hapo, isisubiri maji yapate moto.

Ukishamaliza hayo, usifunge kitu kingine chochote kwanza. Lijaribu gari. Liwashe saa saba mchana, liache likiunguruma nusu saa huku boneti imefungwa, uangalie sindano ya joto. Kisha lipeleke Mombo na kupanda nalo hadi Lushoto likiwa na abiria. Ule mlima wa kilomita 30 na kitu, kona juu ya kona, gia ya pili na ya tatu, upepo kidogo na moto mwingi, ni kipimo kizuri kuliko mashine yoyote ya gereji. Sindano ikitulia, endelea. Ikipanda, tafuta sababu, kwani AC haiwezi kulivumilia gari hilo wala gari haliwezi kuivumilia AC.

Kabla ya kununua vifaa kuna jambo la pili, na hili ni la pwani hasa. Joto la Tanga limechanganyika na unyevu. AC inapopooza hewa yenye unyevu, sehemu kubwa ya nguvu zake inakwenda katika kuugeuza mvuke kuwa maji, na ndiyo maana unaona maji yakidondoka chini ya magari yenye AC. Kila lita moja ya maji inayodondoka hapo imeachia joto ambalo lingeweza kuchukua lita 7 za maji ya bomba na kuzifikisha karibu kuchemka. Sasa, kama mpira wa mlango umekauka na hewa ya nje inaingia muda wote, AC yako itakuwa inajaribu kuikausha bahari ya Hindi. Badilisha mipira ya milango na ya buti. Ziba matundu ya sakafuni na yale yanayopitisha waya na pedali kutoka upande wa injini. Kama 504 yako ina ile paa ya chuma inayofunguka, hakikisha inakaa sawasawa na mpira wake mzima. Ng'oa mazulia, tandika chini na kwenye ukuta unaotenga injini na abiria karatasi nzito ya kuzuia mtetemo, juu yake sponji isiyonyonya maji, kisha rudisha mazulia. Dari nayo ikishushwa kwa ajili ya kushonwa upya, weka sponji hiyohiyo. Kazi hii haina sifa wala haionekani, lakini ukiifanya vizuri, hata kompresa ndogo itakutosha.

Ongeza na bomba moja dogo: valvu ya kufunga maji ya moto yanayokwenda kwenye hita. Tanga huna haja ya hita, na valvu ya zamani ikiwa haifungi sawasawa unakuwa na jiko ndani ya dashibodi linalogombana na AC mchana kutwa.

Sasa vifaa. Kompresa ya Corolla ya miaka ya 1990 siyo mbaya, ila fundi wako ameona bei yake na ameisahau puli yake. Nyingi zina puli ya mkanda wenye mistari mingi myembamba, wakati 504 inatumia mkanda wa V wa mfereji mmoja. Atalazimika kubadili puli, au atalazimisha mkanda usiofaa ambao utapiga kelele na kukatika. Isitoshe kompresa ya mtumba hujui imekaa wazi kwa muda gani, na unyevu ukishaingia ndani umeingia. Mimi ningetafuta Sanden mpya ya silinda 5, ile ya sentimita za ujazo 138 kwa kila mzunguko, yenye puli ya V. Ni ndogo, inakubali kulazwa kwa ubavu, na imefungwa kwenye magari, matrekta na mashine za kila aina duniani, kwa hiyo vipuri vyake haviishi. Kubwa kuliko hiyo usiitake; itaivuta injini bila faida.

Breketi, yaani chuma cha kushikia kompresa, ndiyo itakayoonyesha kama fundi wako ni fundi. Injini ya 504 imelazwa kwa nyuzi 45, hivyo breketi ya gari jingine haikai. Lazima itengenezwe, ya bamba nene, ishike kwenye bloku ya injini kwa matundu ya bolti yaliyopo, na kompresa isikae hata kidogo kwenye bodi, kwa sababu injini inatikisika na bodi haitikisiki pamoja nayo. Puli ya kranki kama haina mfereji wa ziada, mtu wa kukereza vyuma pale mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, anaweza kuongeza mfereji, lakini izunguke bila kuyumba. Weka rula ndefu kwenye uso wa puli zote: zisipokuwa kwenye mstari mmoja, mkanda utakufa mapema. Na iwepo njia ya kukaza mkanda bila kulegeza kila kitu.

Kondensa ichague ya mirija bapa ya alumini, ile ambayo gesi inagawanyika na kupita mirija mingi kwa pamoja. Kwa gesi ya R134a inafanya kazi vizuri zaidi kuliko zile za zamani za mrija mmoja unaozunguka. Chukua pana kadiri nafasi ya nyuma ya shoo, ule wavu wa mbele ya gari, inavyoruhusu. Ikae sentimita moja au mbili mbele ya rejeta, na pembeni pazibwe kwa sponji au mpira ili hewa ikishapita kondensa isipate njia ya kukwepa rejeta. Hewa ni mvivu, hupita penye urahisi. Mbele ya kondensa weka feni ya umeme inayosukuma. Kikusanyio cha gesi chenye kikaushio, kile mafundi wanachokiita draya, kiwe kipya na kisifunguliwe vizibo vyake mpaka dakika ya mwisho. Hosi ziwe za AC zenye ukuta wa ndani wa nailoni. Mpira wa kawaida unavujisha gesi taratibu hata ukiwa mzima.

Ndani ya gari nakushauri ile evaporeta, yaani kipoozeo cha hewa, ya kuning'inia chini ya dashibodi, yenye feni yake na matundu yake. Najua wengi wanataka ifichwe. Lakini magari ya miaka ya 1970 yaliyowekewa AC na wauzaji yalifungwa hivyohivyo, hivyo machoni haitaonekana ngeni, na huhitaji kukata dashibodi ya mzee. Ina faida nyingine: inazungusha hewa ya ndani badala ya kuvuta ya nje, na kwa unyevu wa pwani hilo ndilo unalotaka. Usisahau mrija wa kutolea maji, ushuke moja kwa moja bila kupinda, la sivyo maji yatarudi kwenye miguu ya mama watoto na hapo hutapata msamaha.

Umeme niuseme kwa ufupi. Klachi ya kompresa, ile inayoishikanisha na puli yake, inakula kama ampia 4, feni ya kondensa kama 10, feni ya ndani nayo 10 au zaidi. Ongeza taa na waipa usiku wa mvua, altaneta ya zamani itashindwa na betri itaanza kuliwa. Weka ya ampia 65 au 70. Kila feni iwe na rilei yake na fyuzi yake, umeme utoke kwenye betri, usipite kwenye swichi ya kuwashia iliyochoka. Na iwepo swichi ya presha kwenye mfumo: inakata klachi gesi ikipungua sana au presha ikipanda kupita kiasi. Usikubali fundi akuambie si lazima.

Kabureta nayo inahitaji msaidizi. Kompresa ikishika wakati gari limesimama, mzunguko wa injini utashuka na gari litataka kuzimika. Kuna kifaa kidogo cha kuvuta aksileta kidogo AC inapowaka, kifungwe. Mafundi wengine hupandisha mzunguko wa kudumu badala yake, na gari linabaki likinguruma hata AC ikiwa imezimwa. Hiyo si kazi.

Kuhusu gesi, nisikilize vizuri. Magari ya umri wa lako yalitumia R12, iliyoondolewa duniani kwa Mkataba wa Montreal wa 1987 kwa kuwa inaharibu tabaka la ozoni. Wewe jaza R134a, na oili ya kompresa iendane nayo, ya aina ya PAG. Oili ya madini iliyokuwa ikitumika na R12 haichanganyiki na R134a. R134a nayo inapunguzwa taratibu kwa makubaliano yaliyofikiwa Kigali mwaka 2016, kwa sababu inaongeza joto la dunia, kwa hiyo haifai kuiachia hewani. Usimruhusu mtu akujazie gesi ya kupikia. Inapooza, ndiyo, na ikivuja ndani ya gari lililofungwa vioo inasubiri cheche moja tu. Na mtungi wa R134a unaouzwa kwa bei ya ajabu uuogope: gesi bandia zimeshakutwa na kemikali zinazoila alumini, na mwaka 2011 makontena ya baridi yaliyowekewa gesi ya namna hiyo yalilipuka na kuua watu.

Kabla ya kujaza, mfumo uvutwe hewa kwa pampu ya vakyumu kwa dakika 45 angalau, kisha pampu izimwe na geji iachwe nusu saa. Sindano ikirudi, kunavuja, usijaze ukitumaini. Gesi ipimwe kwa mizani. Mifumo ya aina hii mingi inachukua gramu 700 hadi 900. Fuata maandishi ya kifaa chako. Fundi anayejaza kwa kushika bomba na kusema limeshapoa, mshukuru na uondoke. Ukiwa na geji zako, kuna kipimo rahisi: asubuhi gari likiwa halijawashwa, kwa joto la nyuzi 30, geji zote mbili zisome sawa, kati ya psi 95 na 100. Hiyo haikuambii gesi ni nyingi au kidogo, ila ikisoma mbali sana na hapo, ndani kuna hewa au kitu kingine.

Barabarani hewa itoke kwenye matundu kwa nyuzi 7 hadi 10. Ukisimama kwenye foleni itapanda kidogo, na hilo ni la kawaida kwa 504. Ukianza kupanda Lushoto, zima AC mpaka ufike juu, ambako hata hivyo hutaihitaji.

Umeniuliza kama utaliharibu gari la mzee. Utaliharibu ukikata. Usipokata bodi, shoo wala dashibodi, na ukatumia matundu ya bolti yaliyopo, chochote utakachofunga kitafunguka siku yoyote. Puli ya zamani, altaneta, hosi na kila bolti itakayotolewa, vitie kwenye sanduku, andika kila kimoja kilitoka wapi, piga na picha kabla fundi hajagusa. Na fundi huyo wa kwanza usimfukuze. Mpe kazi ya rejeta kwanza, umwambie kompresa itanunuliwa gari likishuka salama kutoka Lushoto. Akikubali kufanya hivyo kwa utulivu, umempata fundi wako.